Majitaka ya mji wenye kiu

Hotuba kwa madiwani, wenyeviti wa vijiji na wafanyabiashara wa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu wafanyabiashara mliofunga vibanda mchana huu ili kuja kusikiliza habari za vyoo: mbukwenyi. Nimeombwa nizungumzie usafishaji wa majitaka katika mji mdogo wa nyanda kame, na nikaambiwa nitumie maneno ambayo mtu hatayatafutia kamusi. Nitajitahidi. Hata hivyo kazi hii ina hesabu ndani yake, na hesabu hizo naomba mnivumilie nazo, maana ndizo zitakazoamua kama fedha za halmashauri zitafanya kazi au zitazikwa ardhini pamoja na mabomba.

Wengi wetu tukisikia mradi wa majitaka, kinachotujia kichwani ni mabomba mapana yaliyopita chini ya barabara, chemba zenye mifuniko ya chuma, na mwishoni mtambo unaonguruma usiku na mchana. Picha hiyo ni ya miji yenye maji mengi. Hapa kwetu mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 hivi, inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, tena kwa kudokoadokoa, na miezi inayobaki ni ya jua na vumbi. Maji ambayo jua hilo linaweza kuyanyonya kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi yanazidi kimo cha mita mbili, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua yote inayotuangukia. Mtu anayepanga majitaka ya mji kama Kibaigwa bila kuanzia kwenye tarakimu hizo mbili anapanga mji mwingine.

Bomba la majitaka ni mkokoteni, na punda anayeuvuta ni maji. Chukueni nyumba ya watu watano inayonunua ndoo nane za lita 20 kwa siku, na mama zangu waliopo hapa wanajua kwamba kiangazi kikikaza ndoo nane ni neema. Hizo ni lita 160, sawa na lita 32 kwa mtu. Ndani ya lita hizo 32 kuna ya kunywa, ya kupikia ugali, ya kunawisha watoto, ya kufulia, na ya mbuzi aliyefungwa uani. Choo cha kuvuta maji kinameza lita sita hadi tisa kila kinapovutwa. Ni nani atakayemimina karibu robo ya maji yake ya siku chooni kwa safari moja? Hatamimina, na ana haki. Matokeo yake ni kwamba bomba pana la inchi nane litapokea kinyesi bila punda wa kukivuta, kitakaa humo, kitakauka, na mwaka wa pili fundi ataitwa kuzibua.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Uchafu haupungui kwa sababu maji yamepungua. Mafundi wa majitaka huupima uchafu kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani vijidudu vitatumia kuula kwa siku tano, na kipimo hicho wanakiita BOD. Mtu mmoja hutoa gramu 40 hivi za uchafu wa kipimo hicho kwa siku, awe anaoga mara tatu au mara moja. Akipeleka lita 80 za majitaka kwenye bomba, kila lita itabeba miligramu 500. Akipeleka lita 40 tu, kila lita itabeba miligramu 1,000. Majitaka ya mji wenye kiu ni machache, lakini ni makali, na mtambo ulionakiliwa kutoka kwenye mji wa maji mengi utapokea uji mahali ulipotarajia mchuzi.

Kwa hiyo ninalokuja kulisema leo ni hili: majitaka ya mji wa aina hii hayapo kwenye mabomba, yapo mashimoni. Anayetaka kuyasafisha ayafuate huko huko yaliko, na mabomba yaje baadaye, kwa sehemu chache zinazoweza kuyalisha.

Mashimo haya yana historia yake. Wazee wangu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu walikusanyika kusikiliza redio katika vikundi, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa na ilifanywa vizuri. Wakati huo shimo likijaa lilifukiwa, jipya likachimbwa hatua ishirini mbele, na juu ya lile la zamani ukapandwa mpapai uliozaa kwa miaka. Eneo lilikuwepo. Leo nendeni Kibaigwa, mji uliojaa soko la mahindi na malori ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, muangalie viwanja. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili imejengwa ukuta kwa ukuta na duka la pembejeo, ua wote umemwagwa zege, na karo liko chini ya maegesho. Likijaa, hakuna hatua ishirini za kwenda. Choo tulihimizwa kukichimba, na tulichimba. Namna ya kukitoa kilichomo hakuna aliyetuhimiza.

Nieleze nilichokiona mwenyewe, katika mji mmoja ambao sitautaja, nilipokuwa kijana kazini. Nilikuwa nimepanga chumba uani, na choo chetu kilikuwa kimejaa mpaka usawa wa kukufanya uahirishe. Mwenye nyumba aliwaita vyura, kama wanavyoitwa huko Dar es Salaam watu wa kazi hiyo, nao wakaja saa nne usiku, wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana. Walimimina mafuta ya taa shimoni kukata harufu, wakavunja ubavu wa choo kwa mtaimbo, wakachimba shimo jingine kando yake, kisha yule mtu mzima akaingia. Hakuwa na glavu wala buti. Alijaza ndoo, kijana akaivuta kwa kamba na kuimwaga kwenye shimo jipya, na pamoja na tope zilitoka chupa, nepi, matambara, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Walipomaliza ilikuwa karibu alfajiri. Yule mtu mzima alijisugua kwa majivu, kisha akaomba ndoo ya maji aoge. Mwenye nyumba alimpa nusu ndoo. Hakuwa mchoyo, nusu ndoo ndiyo iliyokuwa imebaki.

Usiku ule tope lilizikwa uani. Mara nyingi halizikwi. Linabebwa kwenye mkokoteni au kwenye gari na kumwagwa mahali pasipo na macho, na katika nchi yetu hii mahali pasipo na macho ni korongoni. Korongo ni kavu miezi saba au minane, linaonekana kama jalala lisilo na mwenyewe. Lakini ni katika mchanga wa makorongo hayo hayo ndipo wanawake wanachimba vijisima vya kuchotea maji kiangazi. Mvua ya kwanza ya Desemba hairudishi kitu mahali pake; inachukua kilichomwagwa juu na kukishusha kwa wanaochota chini.

Kisha kuna nzi. Kongwa ina jina katika vitabu vya tiba duniani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, ule trakoma unaopindisha kope mpaka nywele za kope zikakwaruza mboni. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, wamefanya kazi katika vijiji vya wilaya hii, na mengi ambayo dunia inayafahamu kuhusu uso mchafu wa mtoto, nzi na upofu yametokana na watoto wa hapa. Nzi anayependa jicho la mtoto hazaliani sana ndani ya shimo la choo. Huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa maneno mengine, familia inaweza kujenga choo kizuri, ikakitumia kwa miaka sita, halafu siku moja ya kukipakua ikamrudishia nzi yule kila alichonyimwa kwa miaka yote sita.

Naomba sasa niingie kwenye kazi yenyewe.

Tuchukue mji wa watu 20,000 wanaotumia mashimo. Katika ardhi kavu kama hii maji hunyonywa na udongo, na kinachobaki ni kama lita 50 za tope kwa mtu kwa mwaka. Zidisheni: mita za ujazo 1,000 kwa mwaka mzima. Ukigawa kwa siku za kazi ni mita za ujazo tatu hivi kwa siku, yaani gari dogo la lita 5,000 halijazi hata safari moja. Nimeona watu wakishtuka kwa udogo wa tarakimu hiyo, na mimi nafurahi wanaposhtuka, kwa sababu wengi wetu tumeogopa mzigo ambao hatujawahi kuupima.

Gari hilo litamwaga wapi? Mabwawa ya Swaswa yanayopokea majitaka ya jiji la Dodoma yapo, lakini kutoka hapa kwenda na kurudi ni karibu kilomita 180. Hakuna dereva atakayechoma mafuta ya kilomita 180 kwa ajili ya lita 5,000 za tope wakati korongo liko kilomita mbili, na hakuna mgambo atakayemlinda kila usiku. Mtu anayetaka tope lifike mahali pazuri aweke mahali hapo karibu, pafunguliwe asubuhi mapema, na bei ya kumwaga iwe ndogo. Faini peke yake haijawahi kuvuta tope.

Mahali penyewe si pa ajabu. Ni vitanda vya kukaushia: sakafu ya zege yenye mteremko mdogo, juu yake kokoto, juu ya kokoto mchanga, na kuta fupi za matofali. Tope humiminwa kwa kimo cha sentimita 20 hadi 30. Maji huchujika kupitia mchangani na kuelekea bwawani, na yanayobaki juu huchukuliwa na jua, lile lile tunalolilaumu mwaka mzima. Baada ya wiki mbili au tatu za kiangazi tope limepasuka vipande vipande kama udongo wa mbuga mwezi Oktoba, na kijana mwenye koleo analipakua likiwa jepesi. Kwa mita za ujazo 1,000 kwa mwaka, eneo la vitanda halizidi sana mita za mraba 500, ambalo halifiki sehemu ya kumi ya uwanja wa mpira. Nchini India, mji mdogo wa Devanahalli katika jimbo la Karnataka, ambao nao uko kwenye ukanda wa mvua haba, ulifungua kituo cha namna hii mwaka 2015 kwa ajili ya tope la makaro peke yake, bila mtandao wa mabomba.

Tahadhari mbili kuhusu tope, na hizi nitazikazia. Tope lililokauka linaonekana salama kama samadi, lakini mayai ya minyoo hayafi kwa kukauka wiki tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika nchi zenye joto kama letu tope likae ghalani zaidi ya mwaka mmoja kabla halijapelekwa shambani, na mimi ningeongeza kwamba lisipelekwe hata kidogo kwenye mchicha wala nyanya. Pili, mashimo ya nchi kavu huwa na tope gumu ambalo mpira wa gari la kunyonya hauliwezi mpaka limiminiwe maji na kukorogwa. Hapo tena tunarudi kwenye ndoo. Ndiyo maana gari la bei kubwa si jibu la kila nyumba. Kwa mashimo mengi pampu ya mkono yenye mdomo mpana, vijana wawili wenye buti, glavu na vazi la kazi, na bajaji ya kubebea mapipa yaliyofungwa vitafaa zaidi. Vyura wapo tayari, wanaijua kazi. Wapewe vifaa, leseni na maji ya kuogea.

Nije kwenye majimaji. Soko, stendi, hospitali, shule za bweni na nyumba za wageni zina maji ya bomba, na hizo zinaweza kuunganishwa. Hata hivyo sishauri mtandao wa kawaida. Kila nyumba ibaki na karo lake, kinyesi kitue humo, na bomba jembamba la inchi nne libebe maji yaliyokwisha kutua tu. Kwa kuwa hakuna kigumu cha kusukuma, bomba hilo halihitaji mteremko mkali wala maji mengi. Zambia walianza kulitumia miaka ya 1960, kwa hiyo hatubahatishi. Sharti lake ni moja, makaro yapakuliwe kwa wakati, maana karo lililojaa litaupeleka uji bombani.

Mwisho wa bomba ni mabwawa. Fanyeni hesabu pamoja nami kwa watu 10,000 walioungwa, kila mmoja akileta lita 40. Hizo ni mita za ujazo 400 kwa siku zenye kilo 400 za uchafu wa kipimo cha BOD. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita nne, halina hewa, na vijidudu vyake hufanya kazi gizani. Kwa joto la mwezi wetu wa baridi, nyuzi 20 hivi, bwawa la mita za ujazo 1,300 litatosha, na litaondoa kama asilimia 60 ya uchafu ndani ya siku tatu na kitu. Eneo lake si kubwa kuliko kiwanja cha nyumba. Bwawa la pili ni la kimo cha mita moja na nusu na linahitaji mita za mraba 6,300, ambamo maji yatakaa zaidi ya wiki tatu. Baada yake yafuate mawili madogo ya mita moja, siku nne kila moja. Jumla ya uso wa maji haifiki hekta moja. Hakuna mota, hakuna dawa, hakuna bili ya umeme.

Ningependa siku moja madiwani mwende mkaone mabwawa ya namna hii yanayofanya kazi, na mchukue glasi. Kwenye bwawa la kwanza maji ni meusi, yana viputo, na juu yake kuna gamba la kijivu ambalo mgeni hutaka kuliondoa. Mwambieni aliache, kwa maana linazuia harufu. Kwenye bwawa la pili maji ni ya kijani kibichi. Kijani hicho ni mwani. Mchana mwani hula mwanga na kutoa oksijeni ambayo vijidudu vinaitumia kula uchafu, na katika kufanya hivyo hubadilisha maji yakawa kama ya magadi. Magadi hayo pamoja na jua kali ndiyo yanayoua vijidudu kama vile vya homa ya matumbo. Mayai ya minyoo, yaliyo mazito, yanazama na kubaki chini. Mhudumu mzoefu hasubiri maabara kujua hali ya bwawa lake. Kijani kikifa na maji yakaanza kuwa ya zambarau, anajua limelemewa, na mara nyingi ni kwa sababu usiku dereva amemwaga tope bichi la vyoo vya soko moja kwa moja bwawani. Kwa makadirio yangu lita 5,000 za tope la aina hiyo zina mzigo wa watu karibu 1,000 kwa siku moja. Ndiyo maana tope liende vitandani kwanza, na bwawa lipate maji yaliyochujwa.

Kuna kosa moja la nchi kavu ambalo vitabu vya nchi za mvua havilisemi kwa sauti. Bwawa likijengwa kwa ajili ya maji yatakayokuja baada ya miaka ishirini, miaka mitano ya kwanza jua na udongo vitanywa kuliko bomba linavyoleta, na bwawa halitajaa kamwe. Kitakachoota humo ni magugu, na ndani ya magugu mbu. Jengeni mstari mmoja mdogo, mfinyange udongo wa mfinyanzi chini yake au mtandike nailoni nzito, mwanze nao, na mwache ardhi ya mstari wa pili. Katika mfano wangu, mabwawa yatapoteza kwa jua kama mita za ujazo 57 kwa siku, sehemu moja katika saba ya kilicholetwa. Hiyo ni hasara tunayoweza kuivumilia. Nusu nzima hatuwezi.

Najua kuna waliokwisha kuonyeshwa picha za mitambo ya kisasa yenye matanki ya chuma. Katika shule moja ya bweni, mkoa mwingine, niliukuta mtambo wa hivyo. Mota ya kupulizia hewa ilikuwa imeungua mwaka wa pili, kipuri chake kilitoka nje ya nchi, mwalimu mkuu alikuwa amekiandikia barua tatu, na matanki yalikuwa yamegeuka makaro ya bei mbaya. Lakini sina haja ya kwenda mkoa mwingine kutafuta mfano, kwa kuwa mfano mkubwa kuliko yote uko chini ya miguu yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta, mabuldoza na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa za Tanganyika. Hawakuwa wajinga, walikuwa na wataalamu na pauni milioni 25 za kuanzia. Walikuwa na haraka, na hawakumuuliza Mgogo kwa nini hakulima pale. Kiangazi udongo ukawa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya chuma, mvua ikawakwepa, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Kila ninapoletewa mchoro wa mtambo uliobuniwa mahali pasipo na kiangazi cha miezi saba, nazikumbuka karanga zile.

Maji yanayotoka kwenye bwawa la mwisho ni ya nani? Kiwango cha Tanzania kinataka majitaka yanayotolewa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, na lazima niwe mkweli kwamba maji ya mabwawa mara nyingi hukaribia au kuvuka hapo, kwa sababu ya mwani uliomo. Huo mwani si kinyesi, lakini ukiingia kwenye kidimbwi cha korongo utaoza. Ukiingia shambani ni mbolea. Hivyo mimi ningependa tone lisifike korongoni kabisa wakati wa kiangazi. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wanayasafisha majitaka mpaka yakarudi kunywewa, tangu mwaka 1968, na wanafanya hivyo kwa maabara na gharama ambazo hatuna; sisi tuna mifugo na tunakosa kuni. Mita za ujazo 340 kwa siku, katikati ya kiangazi, zinaweza kunywesha hekta kadhaa za nyasi za malisho na msitu wa kuni. Nyasi zikatwe na kukaushwa kabla ya kupewa ng'ombe, wasichungwe ndani. Sababu yake ni tegu: yai lake likipita kwenye maji yasiyotulia vizuri huingia kwa ng'ombe, kisha kwenye nyama, kisha kwa mla nyama choma wa pale stendi. Mboga za kuliwa mbichi zisiguswe. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1989 kipimo cha yai moja la mnyoo kwa lita, lisizidi, na mwaka 2006 likasisitiza vizuizi vingi kwa pamoja, kuanzia bwawa, aina ya zao, namna ya kumwagilia, mpaka kuosha na kupika. Jambo la kuchungwa ni chumvi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, mwili wa mtu unaongeza, jua linakoleza, na baada ya miaka shamba linaweza kufanya ukoko mweupe. Mvua ya masika husaidia kuiosha, lakini udongo upimwe kila mwaka.

Fedha. Sheria ya mwaka 2019 inaitwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, nayo ndiyo iliyounda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Katika kusoma kwangu bajeti za maji nimeona neno maji la jina hilo likila karibu kila kitu, na lile la usafi likiachiwa posho za semina. Kinachomkwamisha mwenye choo ni kwamba bei ya kupakua humjia mara moja, kubwa, siku asiyoitarajia, wakati mwingine mwezi wa ada za shule. Akilipa kidogo kidogo pamoja na maji yake hatahisi. Huko Ouagadougou, Burkina Faso, mji mwingine wa mvua haba, bili ya maji hubeba tozo ndogo ya usafi. Katika mji wa Wai, India, wamekwenda mbele zaidi: kila karo hupakuliwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa, mara moja kila miaka mitatu, likiwa limejaa au halijajaa, na mwenye nyumba hapigi simu. Ninaipenda njia hiyo kwa makaro ya katikati ya mji. Kwa mashimo ya pembezoni nina shaka, kwa kuwa shimo moja hujaa kwa miaka mitatu na jirani yake kwa miaka kumi na tano, na kumtoza aliye tupu kutaleta ugomvi halali.

Kabla ya mchoro wowote na kabla ya mshauri yeyote kulipwa, kuna vitu viwili ambavyo halmashauri inaweza kuvifanya yenyewe. Cha kwanza ni ardhi. Tengeni hekta kumi upande wa magharibi au kaskazini-magharibi ya mji, kwa kuwa upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, umbali usiopungua kilomita moja kutoka nyumba ya mwisho, mbali na korongo na visima, kwenye udongo wa mfinyanzi kama upo. Mkichelewa, eneo hilo litakuwa na misingi ya nyumba, na wenye misingi hiyo watakuwa wapiga kura. Cha pili ni kuhesabu mashimo: mangapi, ya aina gani, yana kina gani, yamejaa kiasi gani, na gari au bajaji inaweza kuyafikia kutoka upande upi. Kazi hiyo inahitaji daftari, vijana wanne, na fimbo ndefu iliyotiwa alama kila sentimita kumi.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa kwenye vyoo vya soko la Kibaigwa na fimbo hiyo. Mheshimiwa diwani atakayependa kufuatana nami anakaribishwa, ila aje na viatu vya zamani.